"AINA YA NDEGE"

Katika kamusi za Kiswahili yako maneno matatu ambayo msomaji huyakuta mara nyingi, na kila ayakutapo hubaki na kiu yake: "aina ya ndege". Mtu amesikia neno kwa wazee, au amelikuta katika hadithi. Hufungua kamusi, na jibu apatalo ni hilo tu. Ni ndege gani? Ni mkubwa kama kanga, au mdogo kama chozi? Hula nyama au mbegu? Hulia alfajiri au usiku? Kamusi haisemi. Wala tusiwalaumu sana watungaji, maana walikuwa na maelfu ya maneno ya kuandika, na ndege haji mezani kuulizwa habari zake.

Orodha za maneno ya lugha za bara, zile tulizoziandika sisi waalimu, zina upungufu uo huo, tena zaidi. Mimi mwenyewe ninalo daftari la ujana wangu, lenye majina thelathini na saba ya ndege wa nchi ya Mbulu. Mbele ya majina ishirini na mawili nimeandika "ndege mdogo", na nilipoandika nilijiona nimefanya kazi. Miaka ikapita ndipo nilipotambua ya kuwa moja katika hayo ishirini na mawili halikuwa jina la ndege yeyote. Kijana niliyemwuliza hakumjua yule ndege, naye kwa adabu akanijibu kwa lugha yake, "Ni kindege tu." Nami nikaliandika neno lake kwa wino, kana kwamba nimepata hazina.

Nia ya makala hii ni kuonyesha ya kuwa jina la ndege pasipo ndege mwenyewe ni nusu ya elimu, na ndege pasipo jina wala desturi za watu ni nusu ya pili. Awezaye kuziunganisha nusu hizi mbili katika Mbulu na Hanang si mgeni apitaye kwa juma moja na darubini shingoni, bali ni mwalimu akaaye kijijini. Mfano wangu mkubwa utakuwa ndege mmoja tu, mlembe, kwa sababu habari zake zahusu lugha kuliko za ndege mwingine yeyote ninayemjua.

1. Nchi na lugha zake

Wilaya hizi mbili zimo katika Mkoa wa Manyara, uliokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Nyanda za juu za Mbulu zimeinuka juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Upande wa mashariki, chini ya ukuta huo, ni ziwa Manyara. Upande wa magharibi nchi hushuka kwenye bonde la Yaeda na ziwa Eyasi. Katika nyanda zenyewe umo msitu wa Nou, wenye ukungu na miti mirefu. Kusini unasimama mlima Hanang, ambao kilele chake chapita meta 3,400, na chini yake ni tambarare za malisho ya Wabarabaig, na maziwa mawili yasiyofanana: Balangida lenye magadi, na Basotu lenye maji baridi.

Kwa hiyo mtu aendaye kwa miguu siku mbili au tatu atapita katika nchi nne za ndege: ndege wa msituni, wa mashamba na malisho, wa miiba na mibuyu, na wa maziwa. Katika maziwa ya magadi ya bonde hili hushuka heroe kwa makundi makubwa, wakila viumbe vidogo vya majini ambavyo ndivyo viwapavyo rangi yao ya waridi; lakini mahali pao pakuu pa kutaga katika Afrika Mashariki ni ziwa Natron, kaskazini. Katika nchi ya miiba mtu ataona kwenzi wa rangi ya majivu, na kasuku wadogo wenye ukosi wa manjano. Hao asili yao ni bara ya Tanzania, na wageni husafiri kutoka nchi za mbali sana ili wawaone, hali sisi twawapita njiani bila kuinua kichwa.

Na kama ilivyo kwa ndege, ndivyo ilivyo kwa lugha. Hapa hukutana lugha za jamii nne: Kiiraqw, ambacho ni cha Wakushi, Kidatoga, ambacho ni cha Waniloti, Kimbugwe na Kinyihanzu, ambazo ni za Wabantu, na Kihadzabe, lugha yenye sauti za kidoko, ambayo haijathibitishwa kuwa na ndugu popote. Mahali pachache sana katika Afrika pana mchanganyiko kama huu. Ndege mmoja akitua juu ya mgunga mmoja yumkini ana majina manne yasiyofanana hata kidogo, na kila jina lina habari yake.

Wala Kiswahili chetu hakitoshi kuwa badala ya hayo yote. Tuchukue neno "korongo". Mtu wa mjini huliita kwalo kila ndege mwenye miguu mirefu, awe mweupe atokaye Ulaya, au mwenye taji ya manyoya kichwani; tena kwa watu wa bara "korongo" ni bonde lililochimbwa na maji ya mvua. Mchungaji wa ng'ombe hawezi kuwachanganya ndege hao, maana mmoja hufuata panzi nyuma ya ng'ombe, na mwingine hulala katika kinamasi. Tukimlazimisha atumie neno letu moja, tumempunguzia akili yake, wala hatukumwongezea.

2. Vitabu vya ndege, na udhaifu wake

Wasomaji wengine watauliza: Je, wataalamu hawakuwaandika ndege hawa? Waliwaandika, tena vizuri. Praed na Grant walichapa vitabu vyao viwili vikubwa vya ndege wa Afrika ya mashariki miaka ya 1952 na 1955. John Williams alitoa mwaka 1963 kitabu cha kuchukuliwa mkononi, ambacho watu wengi walikibeba safarini. Mwaka 1996 kilitokea kile cha Zimmerman, Turner na Pearson juu ya ndege wa Kenya na Tanzania ya kaskazini. Na mwaka 2002 kile cha Stevenson na Fanshawe, chenye picha za aina zaidi ya 1,300 za nchi tano, yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka huo huo wa 2002 Chuo Kikuu cha Cornell katika Marekani kilisaidia kuanzisha orodha iitwayo eBird, ambamo mtu yeyote mwenye simu aweza kuandika ndege aliyemwona, na mahali, na siku.

Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na majina yake ni ya Kiingereza na ya Kilatini. Ni msaada mkubwa, na mwalimu awezaye kupata kimoja na akipate. Lakini sharti ajue namna ya kukitumia mbele ya wazee, maana mimi nilikosea.

Nilichukua kitabu changu kwa mzee mmoja, mrina asali wa zamani, nikamfunulia picha moja moja. Picha ya kwanza akatazama, akanyamaza. Ya pili akasema ni kunguru, nami nilijua si kunguru. Nikafikiri moyoni, "Kumbe watu humsifu bure." Hata tulipofika picha ya kumi akakifunga kitabu kwa upole, akaniambia, "Mwalimu, ndege hawa wote wanalingana ukubwa, nao hawasemi. Mtu asiyesema nitamjuaje?" Nilitazama tena, nikaona ya kuwa ni kweli: katika ukurasa mmoja tai na kipanga walikuwa karibu sawa. Kesho yake tukaenda pamoja kichakani alfajiri, na kabla jua halijawa kali alikuwa amenitajia ndege kumi na wanane, kumi na mmoja kati yao bila kuwaona, kwa sauti tu. Ndipo nilipofungua kitabu changu kwa siri, nikawatafuta kwa jasho.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kitabu ni cha mwalimu, kichaka ni cha mzee. Jina litoke kichakani, kisha mwalimu alipatanishe na kitabu. Asianze na kitabu akaenda kulitafuta jina.

3. Mlembe

Sasa tumtazame ndege mmoja kwa urefu. Mlembe ni ndege wa ukubwa upatao wa kinega au shorwe, rangi yake ya majivu na kahawia, asiye na uzuri wa kumvuta mtu. Dume ana koo jeusi, baka jeupe shavuni, na mdomo wa waridi. Jike hana koo jeusi. Kinda aliyeanza kuruka ana koo la manjano. Wote wakiruka huonyesha manyoya meupe pembeni mwa mkia, na hiyo ndiyo alama nyepesi. Jina lake la Kilatini, Indicator, maana yake ni "mwenye kuonyesha". Alipewa baada ya Anders Sparrman, Mswidi, kuandika habari zake mwaka 1777.

Kazi yake yajulikana na watu wengi wa Afrika. Hupenda nta, naye ni mmoja wa wanyama wachache duniani wawezao kuiyeyusha tumboni ikawa chakula. Lakini nyuki huuma, na mzinga umo ndani ya mti mgumu. Kwa hiyo humtafuta mtu. Hutua karibu naye, akalia kwa sauti ya kucharaza, kama kiberiti kinachotikiswa. Mtu akimfuata, huruka mti hata mti, hungoja, hulia tena, hata wafike penye nyuki. Mtu hutia moshi, hupasua mti, huchukua asali; ndege hupata nta.

Habari hii ni ya kale. Padre João dos Santos, Mreno wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alipokuwa Sofala pwani ya Msumbiji mwaka 1588, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa mishumaa ya nta, akaandika ya kuwa ndege hao huwaongoza watu kwenye nyuki. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1609. Nawakumbusha wasomaji habari hiyo kwa sababu ndiyo mfano wa kazi ninayoisifu: mtu alikuwa mahali pake pa kila siku, akaona jambo dogo, hakumfukuza ndege tu, bali aliuliza wenyeji, akaandika.

Katika wilaya ya Mbulu wanaojua zaidi habari za mlembe ni Wahadzabe wa Yaeda na wa vilima vya Kidero karibu na Eyasi. Vitabu vya kale viliwaita Watindiga. Idadi yao ni elfu moja na mia kadhaa, na baadhi yao hata leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Mlembe wao humwita tik'iliko. Mwindaji aendapo hupiga mbinja. Ndege akiisikia huja na kucharaza. Mtu hujibu kwa mbinja tena, na hivyo mazungumzo huendelea njia nzima. Mzinga ukiwa juu ya mbuyu, hupigilia mambo za miti katika gome, akapanda kwa hizo huku ameshika kijinga cha moto.

Wataalamu walioongozwa na Brian Wood waliandika mwaka 2014 ya kuwa Wahadzabe wakiongozwa na ndege huyu huongeza upesi wa kupata mizinga kwa 560 kwa mia, tena huletwa penye mizinga yenye asali nyingi zaidi. Na ya kuwa kati ya sehemu 8 na 10 kwa mia za chakula chao chote hupatikana kwa msaada wake. Huko kaskazini mwa Kenya, kati ya Waborana, Hussein Isack na mwenziwe Reyer walipima mwaka 1989 wakaona ya kuwa mtu asiye na ndege hutumia karibu saa tisa kupata mzinga mmoja, na mwenye ndege saa tatu na kidogo.

Lakini desturi za watu hazifanani. Wayao wa Msumbiji, wakiisha kurina, humwekea ndege nta juu ya majani mabichi, kama ujira wake. Wahadzabe hufanya kinyume: masega yaliyobaki huyafukia, au huyaficha, au huyatia motoni. Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilisikitika, nikamwuliza kijana aliyekuwa nami kwa nini anamdhulumu mwenziwe. Akacheka, akasema, "Akishiba leo, kesho atanionyesha nini?" Niliporudi nyumbani nikafikiri ya kuwa laiti ningeandika jina tu, yaani "tik'iliko, aina ya ndege", ningekuwa nimeacha nje ya daftari mashauri yote haya juu ya ujira, njaa na ujirani.

4. Nani humfundisha mlembe?

Hapa ndipo mahali ambapo mwenye kupenda elimu ya lugha sharti asimame kidogo.

Sauti ya kumwita ndege si moja. Wahadzabe hupiga mbinja. Waborana hupuliza kwa ngumi walizozikutanisha, au kwa kombe la konokono, au kwa kokwa la mkoma lililotobolewa. Wayao hutetemesha ulimi, kisha huguna mguno mfupi. Claire Spottiswoode na wenziwe walijaribu mwaka 2016 huko Niassa katika Msumbiji wakaona ya kuwa mtu apigaye sauti ya Kiyao huongozwa na ndege mara 66 katika 100, hali apigaye sauti nyingine huongozwa mara 33 tu. Na kupata mzinga kukapanda kutoka 16 hata 54 katika 100.

Ndipo Spottiswoode na Wood wakauliza swali zuri. Je, ndege wa Kidero atamwelewa Myao, na ndege wa Niassa atamwelewa Mhadzabe? Wakapeleka sauti za huku kule, na za kule huku, wakachapa jibu lao mwezi wa Desemba 2023. Ndege wa Kidero aliikubali mbinja ya Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Kiyao. Na ndege wa Niassa aliikubali sauti ya Kiyao karibu mara mbili kuliko mbinja ya Kihadzabe. Yaani ndege wa kila nchi ameijua lugha ya watu wa nchi yake.

Aliijuaje? Si kwa wazazi wake, maana mlembe hawajui wazazi wake. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, kama keremkerem walao nyuki, na hudihudi, na kigogota. Kinda akianguliwa, hali bado kipofu, ana ndoana kali mdomoni, ambazo kwa hizo huwaua makinda wa mwenye nyumba, akabaki peke yake kulishwa. Basi hakuna mama wa kumfundisha mbinja. Sharti ajifunze akiisha kutoka kiotani, kwa kusikia sauti ya watu na kuona ya kuwa mahali sauti ilipo hufuata moshi, shoka, na nta.

Kwa hiyo twapata jambo la ajabu: mapatano ya lugha kati ya watu na ndege, ambayo kila kizazi cha watu hukirithisha kizazi kingine, na kila kizazi cha ndege hukijifunza upya. Watu wakiacha kupiga mbinja, ndege hana mahali pa kujifunza. Herbert Friedmann, aliyeandika kitabu kizima juu ya walembe mwaka 1955, aliona tangu siku zile ya kuwa mahali watu walipopata sukari dukani na kuacha kurina, ndege naye aliacha kuongoza. Hakufa, yupo juu ya mti, lakini amekuwa bubu kwetu.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kwa nchi yetu. Katika mashamba ya nyanda za juu wanafunzi wangu wengi wamesikia sauti ya mlembe, wala hawajui ya kuwa wanasemeshwa. Mibuyu na migunga ya Yaeda imepungua kwa kufyekwa mashamba na kwa malisho. Ni jambo jema kwamba mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya nchi yao, maana ndege huyu hakai pasipo miti ya nyuki. Lakini hati hulinda nchi. Mbinja hulindwa na kinywa tu.

5. Kanuni chache kwa mwenye kuanza

Mwalimu asidhani ya kuwa kazi hii yahitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu ya risasi isiyofutika kwa mvua, na subira. Darubini ikipatikana ni heri. Nayo mambo ya kuandika ni haya.

Kwanza, sauti. Iandike kama wenyeji wanavyoiiga, si kama kitabu cha kigeni kinavyoiandika. Majina mengi ya ndege yametoka katika sauti au kazi zao: msomaji atamke hondohondo, au kigogota, naye atasikia. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kunasa sauti, na hiyo ni faida kubwa. Lakini tusizoee kumpigia ndege sauti yake tena na tena karibu na kiota, maana hudhani adui ameingia kwake, akaacha mayai.

Pili, mahali, siku na saa. Jambo hili laonekana dogo, walakini ndilo lililofumbua fumbo kubwa. Hapo kale watu wa Ulaya hawakujua korongo weupe huenda wapi wakati wa baridi. Mwaka 1822 aliuawa korongo mmoja katika Ujerumani ya kaskazini, shingoni mwake umepita mkuki wa Kiafrika. Amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mkuki ule ulisema walikokuwa. Sisi tunao korongo hao mashambani kwetu, takriban tangu Novemba hata Machi. Mwalimu akiandika kila mwaka siku ya kwanza aliyowaona na siku ya mwisho, baada ya miaka kumi atakuwa na elimu ambayo hakuna kitabu cha duka kilicho nayo kwa kijiji chake.

Tatu, umbo. Mlinganishe na ndege ajulikanaye: mkubwa kupita shomoro, mdogo kuliko njiwa, sawa na kunguru. Kisha mdomo, miguu na mkia. Ukumbuke ya kuwa ndege mmoja aweza kuwa na mavazi mawili. Wale ndege weusi wenye mkia mrefu warukao juu ya majani wakati wa mvua, kiangazi huwa wa kahawia, wenye mkia mfupi kama wake zao. Asiyejua ataandika ndege wawili. Na pengine wenyeji nao wana majina mawili, nalo ni jambo la kuandikwa.

Nne, jina. Uliza watu wawili, kila mmoja peke yake. Usiulize, "Je, huyu ndiye fulani?" maana kwa heshima utajibiwa ndiyo. Uliza, "Huyu mwamwitaje?" na tena, "Kwa nini?" Uliza wachungaji juu ya ndege wa malisho, wanawake juu ya ndege waharibifu wa mtama, warina juu ya ndege wa msituni. Mtu akisema hajui, mshukuru na uandike ya kuwa hajui.

Tano, desturi. Ni ndege wa heri au wa shari? Huuawa, au ni mwiko? Sauti yake huleta habari ya mvua, ya mgeni, ya chui? Mumbi, yule ndege mkubwa mweusi atembeaye chini kwa makundi na kuvuma kama ngoma kabla ya mvua, watu wengi wa Afrika hawamwui kwa ajili hiyo. Usiidharau habari kwa sababu haimo kitabuni. Kwa muda mrefu vitabu vilisimulia ya kuwa mlembe humwongoza na nyegere, kisha wengine wakasema ni hadithi tu. Walipoulizwa warina karibu 400 katika nchi tisa, majibu yao yakachapwa mwaka 2023: wengi hawakuliona kamwe, lakini zaidi ya nusu ya Wahadzabe walioulizwa walisema wamewahi kuliona. Nao ni watu waendao kimya kichakani na upinde. Pengine wao ndio pekee walionyamaza kiasi cha kuona.

Sita, ruhusa. Majina mengine ni ya siri, kama yale ya dawa na ya mila. Mwenye mali akisema lisiandikwe, lisiandikwe.

6. Mwisho

Lile daftari langu la ujana ninalo bado. Katika yale majina ishirini na mawili ya "ndege mdogo" nimefuta lile moja lililokuwa neno tu la adabu. Kumi na sita nimeyajua kwa kwenda kichakani na wazee, na mbele ya kila moja nimeandika sauti, mahali, na maneno ya aliyenitajia. Yamebaki matano. Wawili katika wazee walionifundisha wamekwisha kufa, na nilipokwenda kwa watoto wao kuuliza habari za majina hayo matano, waliniambia, "Mzee aliyajua."

Mwalimu mwenzangu aliye Dongobesh, Haydom, Basotu au Katesh, huenda jirani yako anayajua. Amka mapema siku moja ya Jumamosi, umwombe mtembee pamoja, na kitabu ukiache mfukoni.